Jamu ya Nanasi ya Kiwangwa: Uchambuzi wa Bei Iliyokuwa Ikila Mtaji

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja niliyemshauri kuhusu bei, anayepika jamu ya nanasi nyumbani kwake jirani na Kiwangwa, mkoani Pwani, na kuiuza kupitia kibanda cha mkulima mwenzake kilicho kando ya barabara ya Bagamoyo hadi Msata. Kiwangwa inafahamika kwa nanasi, na barabara hiyo ya kilomita 64 hupitisha magari mengi ya watu wanaotoka Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi na Arusha bila kuzungukia Chalinze. Kwa miezi kadhaa jamu yake ilinunuliwa, wateja waliisifu, na mwenye kibanda alimkabidhi fedha zake bila kuchelewa. Hata hivyo, kila alipotaka kwenda Kariakoo kununua chupa za mpiko unaofuata, alilazimika kukopa kwenye kikoba. Biashara inayouza na bado inakopa ili inunue chupa ina tatizo ambalo wateja wengi zaidi hawawezi kuliponya, kwa sababu kila mteja anayeongezeka analiongeza.

Bei iliyoandikwa kwenye lebo ilikuwa shilingi 4,200 kwa chupa ya gramu 500. Ni bei ya ajabu kidogo, na ni vyema kueleza ilivyopatikana. Mpiko mmoja ulitumia nanasi 12 ndogo, alizouziwa na mwenye kibanda kwa shilingi 500 kila moja, yaani shilingi 6,000. Sukari ilikuwa kilo 8 kwa shilingi 3,000, jumla shilingi 24,000. Limau ziligharimu shilingi 2,000, na chupa 28 pamoja na vifuniko vyake, kwa shilingi 1,200 kila moja, zilikuwa shilingi 33,600. Chupa 27 za kujaza na moja ya akiba, kwa kuwa jamu ya moto huipasua moja mara kwa mara. Jumla yake ni shilingi 65,600, ambayo aliigawanya kwa chupa 27 akapata shilingi 2,430. Akaongeza shilingi 1,000 za faida, akasawazisha kuwa 3,500, kisha akaongeza asilimia 20 ya mwenye kibanda, yaani shilingi 700, akafika 4,200. Aliridhika nayo kwa sababu duka moja la Bagamoyo liliuza jamu ya kiwandani yenye uzito huohuo kwa 4,500, naye alitaka kuwa chini ya hapo.

Hesabu hiyo ina makosa ya aina tatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni gharama zilizoachwa nje. Lebo zilichapishwa kwa shilingi 200 kila moja, sawa na shilingi 5,400 kwa mpiko. Gesi ilikula takriban shilingi 7,000, maji na sabuni shilingi 1,000, na sehemu ya nauli ya kuzileta chupa kutoka Kariakoo shilingi 4,000. Ukizijumlisha na zile za mwanzo, fedha taslimu zinazotoka mfukoni hufika shilingi 83,000, au shilingi 3,074 kwa chupa. Lililobaki ni kazi. Mpiko mmoja unamchukua yeye na binti wa dada yake siku nzima: kumenya, kukatakata, kusaga, kukoroga, kuchemsha chupa, kujaza na kubandika lebo. Nilipopendekeza kila mmoja ahesabiwe shilingi 8,000 kwa siku, aliuliza, “Sasa mwalimu, mimi nijilipe mwenyewe, kwani nimejiajiri nani?” Swali hilo huulizwa na karibu kila anayepika nyumbani, na jibu lake ni la kivitendo: siku atakapougua au binti atakapoondoka kwenda kusoma, mtu wa kuziba nafasi hiyo atadai ujira, na bei isiyokuwa na nafasi ya ujira huo haitaweza kumlipa. Pamoja na shilingi 16,000 za kazi, mpiko unagharimu shilingi 99,000, na chupa moja shilingi 3,667.

Kosa la pili limo kwenye ile asilimia 20. Makubaliano yalikuwa ya mali kauli: chupa zinawekwa kibandani, mwenye kibanda anauza, anabakiza asilimia 20 ya bei ya kuuzia na kukabidhi zilizobaki. Mama aliikokotoa asilimia hiyo juu ya shilingi 3,500 alizotaka kuzipata, wakati mwenzake aliikata, kama walivyokubaliana, kutoka kwenye shilingi 4,200. Asilimia 20 ya 4,200 ni shilingi 840, na kinachobaki ni 3,360. Anayetaka kubaki na shilingi 3,500 baada ya kukatwa asilimia 20 hana budi kugawanya 3,500 kwa 0.8, na jibu ni 4,375. Tofauti ya shilingi 140 kwa chupa haionekani kuwa kubwa hadi ikae pembeni ya kosa la tatu.

Kosa hilo la tatu halikuwamo kwenye daftari la mama, na nadhani lisingegundulika bila mtu kukaa kibandani asubuhi moja na kutazama mikono ya wateja. Gari linasimama, dirisha linashushwa, msafiri anauliza bei, anatoa noti mbili za 2,000 au noti moja ya 5,000. Hana sarafu mbili za 100, na kibandani chenchi ya 800 haipo mara nyingi, hasa asubuhi. Dereva amewasha injini. Mwenye kibanda anapokea 4,000 na kumruhusu aende. Mama alipomlalamikia, baada ya shikamoo na marahaba, mzee alimjibu bila kinyongo: “Binti yangu, mteja ana elfu nne mkononi na gari linaunguruma, nimwache aende kwa ajili ya mia mbili?” Kwa upande wake alikuwa sahihi kabisa. Lakini ujira wake aliendelea kuukata kutokana na bei iliyo kwenye lebo, yaani shilingi 840, kwa kuwa ndivyo walivyoandikiana. Mama alibaki na shilingi 3,160 kwa chupa nyingi.

Weka namba hizo pamoja. Dhidi ya fedha taslimu za shilingi 3,074, mama alikuwa akipata ziada ya shilingi 86 kwa chupa. Dhidi ya gharama kamili ya shilingi 3,667, alikuwa akipoteza shilingi 507. Na hayo ni kwa chupa zilizouzwa. Zilizowekwa mstari wa mbele mezani ili zionekane na wapitao zilipigwa na jua hadi jamu ikabadilika kutoka rangi ya dhahabu kuwa kahawia, moja ilifunguliwa ili wateja waonje, na nyingine zilikaa wiki kadhaa zikiwa zimebeba shilingi 3,074 za mtaji kila moja. Kikoba kilikuwa kinagharamia jamu ya wasafiri.

Mapema mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini na bei yake kuvuka shilingi 4,000 kwa kilo katika maeneo mengi, mfano wa namna hii usingeweza kusimama hata kwa hesabu ya fedha taslimu: kilo 8 zingeongeza shilingi 8,000 kwenye mpiko, karibu shilingi 296 kwa chupa, na ile ziada ya shilingi 86 ingegeuka kuwa hasara ya shilingi 210. Yeyote anayepanga bei ya jamu aipime bei yake kwa sukari ya mwaka wa shida, kwa kuwa tunda ndilo jina la bidhaa, lakini katika gharama tunda ni dogo mno. Katika mpiko huu nanasi ni shilingi 6,000 kati ya 99,000. Chupa tupu peke yake inazidi theluthi moja.

Kabla ya kugusa bei, ilitubidi turudi jikoni, kwa sababu idadi ya chupa zinazotoka kwenye sufuria moja haikuwa ileile kila mara. Mara nyingine zilikuwa 27, mara nyingine 24, na mama alidhani nanasi za siku hiyo zilikuwa na maji machache. Sababu ilikuwa muda wa kuchemsha. Nanasi 12 za ukubwa ule zina uzito wa karibu kilo 20, na zikishamenywa na kutolewa kiini hubaki kama kilo 10 za nyama. Nyama hiyo ina takriban kilo 1.2 ya vitu vilivyoyeyuka, ambavyo vingi ni sukari ya tunda lenyewe. Pamoja na kilo 8 za sukari ya dukani ni kilo 9.2. Jamu inayokaa vizuri bila kuota ukungu inahitaji kufika kwenye asilimia 65 hivi ya vitu hivyo. Gawanya 9.2 kwa 0.65 na utapata kilo 14.15 za jamu. Toa povu na kinachobaki kimenata sufuriani, na unajaza chupa 27 za nusu kilo. Ukiendelea kuchemsha hadi asilimia 72, jamu inakuwa nzito, inang’aa na kupendeza machoni, lakini inabaki kilo 12.8 tu. Zaidi ya kilo moja imeondoka kwa mvuke, na gesi ya ziada imelipiwa ili kuiondoa.

Nanasi halina pektini nyingi, yaani kile kitu cha asili cha tunda kinachogandisha jamu, na ndiyo sababu wapishi wengi huendelea kuchemsha wakisubiri igande. Mama alitumia kipimo cha kudondosha tone kwenye sahani baridi na kulisukuma kwa kidole kuona kama linajikunja. Ni kipimo kizuri, ila kinategemea subira ya mpishi, na mpishi mwoga huongeza dakika kumi. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi: katika nyanda za chini kama za Pwani, jamu hufika mahali pake kwenye nyuzi 104 hadi 105 za selsiasi, na hapo moto unazimwa. Kuongeza limau kidogo mwanzoni kulisaidia kugandisha. Badiliko hili peke yake liliufanya mpiko wa chupa 27 kuwa wa kawaida badala ya kuwa wa bahati, na sioni sababu ya mtu kujadili bei kwa mwezi mzima huku chupa tatu zikipaa na mvuke kila anapopika.

Tukaja kwenye bei yenyewe. Wazo la kwanza lililomjia kila mtu lilikuwa kuipandisha hadi 5,000, noti moja isiyohitaji chenchi. Mwenye kibanda angebakiza 1,000, mama angepata 4,000, na ukitoa 3,667 inabaki shilingi 333 kwa chupa. Ni faida, ila ni nyembamba, na sukari ikipanda kwa shilingi 1,000 inabaki shilingi 37. Bei ya 6,000 ingemwachia shilingi 1,133, lakini inarudisha adha ya chenchi, na mzee alikuwa na hakika kwamba wengi wa wanaosimama kununua fungu la nanasi hawatatoa 6,000 kwa kitu ambacho hawakukipanga. Katika hili nilimwamini yeye kuliko hesabu. Mtu aliyekaa barabarani miaka yote hiyo anafahamu ni noti gani hutoka mfukoni kirahisi.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa kubadilisha chupa na kuacha noti zilezile. Wasafiri walishaonyesha kwa vitendo kwamba jamu hii kwao ni ya 4,000. Kilichokuwa kikubwa mno ni uzito uliotolewa kwa fedha hizo. Chupa ndogo inayobeba gramu 330 ilipatikana kwa shilingi 900. Sufuria ileile sasa inajaza chupa 41. Chupa 42 pamoja na ya akiba ni shilingi 37,800, lebo ni shilingi 8,200, nanasi, sukari, limau, gesi, maji na nauli ni shilingi 44,000 kama awali, na kazi shilingi 16,000. Jumla ni shilingi 106,000, na kila chupa inagharimu shilingi 2,585. Ikiuzwa 4,000, mzee anabakiza 800, mama anapata 3,200, na faida ni shilingi 615 kwa chupa baada ya yeye na binti kulipwa. Mpiko mzima ukiuzwa wote ni zaidi ya shilingi 25,000. Sukari ikifika 4,000 kwa kilo, faida inashuka hadi shilingi 420 hivi, na bei haihitaji kuguswa.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kumpunja mteja kimyakimya. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo maana uzito wa gramu 330 uliandikwa kwa herufi kubwa upande wa mbele wa lebo. Mteja anayenunua kwa kuangalia uzito atalinganisha na jamu ya kiwandani na pengine ataichagua hiyo. Ni haki yake. Ila mlinganisho na kiwandani, ambao ndio uliomfanya mama aanze na bei ya chini, haukuwa na msingi imara tangu mwanzo. Kiwango cha mwaka 2009 cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kinataka, kwa matunda mengi, jamu iwe na angalau gramu 45 za tunda katika kila gramu 100, au 35 pale sheria ya nchi inaporuhusu. Ya mama, kilo 10 za nyama katika kilo 14.15, ina gramu 70. Sasa hilo nalo limo kwenye lebo kwa maneno mafupi, na mzee hulitaja kabla hajataja bei.

Kuhusu ujira wa mzee, baadhi ya jamaa wa mama walitaka ushushwe hadi asilimia 10. Sikuunga mkono. Asilimia 20 kwa mtu anayekaa juani, anayeongea na wateja na kubeba hatari ya kibanda kuondolewa kwenye hifadhi ya barabara ni ya haki, na muuzaji anayehisi kupunjwa ataiweka jamu nyuma ya nanasi. Kilichorekebishwa ni masharti. Asilimia inakatwa kwenye fedha iliyopokelewa kweli, si kwenye lebo. Chupa ya kuonjesha ni ya mama, moja kwa kila mpiko, na gharama yake anaibeba yeye. Chupa inayovunjikia kibandani wanagawana hasara. Mezani kwenye jua inakaa chupa moja tu ya kuonyesha, nyingine zote zinakaa kivulini ndani ya kasha. Hesabu hufanywa kila Jumamosi kwenye daftari moja ambalo wote wawili wanalisaini.

Mzee naye alikuja na pendekezo kwamba nanasi ndogo, zile ambazo wasafiri huzikataa, atazitoa bure ili biashara iende. Kwa ujirani ni wema mkubwa. Kwa hesabu ni mtego, na nilimshauri mama aendelee kulipa shilingi 500, au angalau aendelee kuziandika kwa bei hiyo. Msimu mkubwa wa nanasi ni mwishoni mwa mwaka. Ukipita, nanasi ndogo hazitapatikana bure kwa mtu yeyote, na bei iliyojengwa juu ya tunda la bure italazimika kupanda wakati ambapo wateja wameshaizoea. Isitoshe, shilingi 6,000 za nanasi zisizo na soko zinamfanya mzee anufaike na jamu mara mbili, jambo linalofaa kukumbukwa siku atakapotaka asilimia 25.

Wiki chache baada ya badiliko hilo, mzee aligundua kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Chupa mbili ni 8,000, na fungu la nanasi kibandani ni 2,000. Kwa pamoja zinakuwa noti moja ya 10,000 bila chenchi. Akaanza kuzitaja hivyo dirishani: “Elfu kumi, zawadi na nanasi.” Wanaokwenda kusalimia wazazi Moshi au Tanga huzichukua kama zawadi ya safari. Hakuna punguzo lolote ndani yake, na bado mteja anahisi kwamba ameuziwa kitu kilichokamilika.

Suala la vibali lilipitiwa haraka kwa sababu halina mjadala mrefu. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mama ameshapitia SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, kuanza taratibu zake. Zitakapokamilika kutakuwa na gharama mpya, na ndiyo sababu shilingi 100 za kila chupa, kati ya zile 615, zinawekwa kando na haziguswi kwa matumizi ya nyumbani.

Chupa ya nusu kilo haikufutwa. Imebaki kwa oda, kwa shilingi 6,000 nyumbani kwake, ambapo hakuna asilimia ya kukatwa. Hoteli moja ndogo ya Bagamoyo imeomba kuzichukua kwa 4,000 kwa ajili ya kifungua kinywa cha wageni. Kwa gharama ya 3,667, na nauli ya kuzifikisha juu yake, bei hiyo ingemrudisha pale alipotoka. Amejibu kwamba bei ya jumla ni 4,500 kwa chupa, zikichukuliwa kuanzia 12 kwa mkupuo, fedha taslimu siku ya kupokea, na kwamba chupa tupu zikirudishwa nzima atazinunua kwa shilingi 300, azichemshe na kuzifunga kwa vifuniko vipya. Hoteli bado inafikiria, naye hajashusha.